Mwanakondoo Aliyepoa: Pima Kwanza, Ndipo Uwashe Moto

Ukimkuta mwanakondoo amelala kiubavu zizini saa kumi na moja alfajiri, sufu imelowa, masikio baridi kama jiwe la mtoni, mkono hutaka kumbeba mbio hadi jikoni. Usimpeleke bado. Kuna maswali mawili ya kujibu kwanza, na majibu yake ndiyo yatakayoamua kama moto utamwokoa au utammaliza. Mwili wake una joto kiasi gani? Na amezaliwa saa ngapi zilizopita?

Haya nawaandikia wafugaji wenzangu wa nyanda za juu: Kinangop, Ol Kalou, Molo, Mau Narok hapa Kenya, na ndugu zetu wa Makete na Njombe kule Tanzania. Sisi tunaoishi juu huku tunajua kwamba kipupwe si jambo la kuvaa sweta tu. Huku Kinangop tuna baridi za aina mbili. Ile ya Januari na Februari huja na anga safi: usiku nyota zote ziko nje, asubuhi sakitu imetanda juu ya nyasi na majani ya viazi yameungua. Ile ya Juni hadi Agosti ina manyunyu, ukungu na upepo unaoshuka kutoka milima ya Aberdare, na jua linaweza kupotea siku tatu mfululizo. Wageni huiogopa ya kwanza. Mimi naiogopa ya pili. Mwanakondoo mkavu aliyeshiba huvuka usiku wa sakitu na asubuhi ukamkuta anarukaruka, lakini aliyelowa na mwenye njaa hufa hata pale kipimajoto cha ukutani kinapoonyesha nyuzi 10.

Sababu yake ni hii. Mtoto hutoka tumboni mwa mama, mahali penye nyuzi 39, akiwa amelowa chepechepe, na upepo humnyang'anya joto kadiri maji yanavyokauka juu ya ngozi yake. Akiba aliyozaliwa nayo ni mafuta ya kahawia, hasa yale yanayozunguka figo, ambayo kazi yake ni kuchomwa ili kutoa joto. Akiba hiyo humtosha kwa muda wa saa tano hivi. Baada ya hapo, kama hajanyonya, hana tena cha kuchoma.

Kwa hiyo mwanakondoo hupatwa na baridi ya kulowa, au hupatwa na baridi ya njaa. Ya kwanza hutokea ndani ya zile saa tano. Ya pili huja baadaye, mara nyingi kati ya saa kumi na siku mbili. Kwa macho zinafanana kabisa: mtoto amelegea, kinywa baridi, hanyonyi. Tiba zake hazifanani, na wengi wetu tumepoteza watoto kwa kuzichanganya.

Mimi nilijifunza kwa uchungu. Mwaka wa kwanza wa kufuga, nilimpata mtoto wa siku moja amelala chini ya mama yake, hawezi hata kuinua kichwa. Nikamweka karibu na mafiga, nikamfunika gunia. Baada ya nusu saa akafungua macho, masikio yakapata joto, nikamwita mama yangu aje aone. Mama alipofika mlangoni mtoto alikuwa amepinda shingo kuelekea mgongoni, miguu inapiga hewani kama anayekimbia. Hakumaliza dakika tano. Mama akaniuliza swali moja tu: "Mwanangu, ulimpa nini kabla ya kumpa moto?" Sikuwa nimempa chochote.

Kilichotokea ni kwamba damu yake haikuwa na sukari. Alipokuwa amepoa, ubongo ulikuwa kama umelala na ulihitaji kidogo sana. Nilipompasha, ubongo ukaamka ukadai sukari, ikakosekana, akaingia kifafa. Utaratibu wa kuzuia kifo cha namna hii ulinyooshwa na watafiti wa taasisi ya Moredun huko Uskoti mwanzoni mwa miaka ya 1980, na nimeona unafanya kazi Kinangop kama unavyofanya kazi kwao.

Vitu vya kuwa navyo kabla kondoo wa kwanza hajazaa

Kipimajoto cha dijitali, hiki cha watu kinachouzwa duka la dawa, kinatosha. Kikionyesha herufi L badala ya namba, joto liko chini kuliko kinavyoweza kupima, usidhani kimeharibika. Mrija laini wa kulishia, wa sentimita 40 hivi, pamoja na bomba la sindano la mililita 60. Ayodini ya kitovu. Taulo kuukuu. Glukosi ya sindano kutoka kwa daktari wa mifugo. Na chupa za dang'a, yaani maziwa ya kwanza ya mnyama aliyetoka kuzaa, kwenye friza, kila moja ya mililita 200. Huku kwetu kila boma la pili lina ng'ombe wa maziwa, hivyo mwombe jirani akukamulie dang'a ya ng'ombe mwenye afya siku ileile aliyozaa. Ni nyepesi kuliko ya kondoo, kwa hiyo mwongezee mtoto karibu theluthi ya kipimo. Ikiwezekana changanya ya ng'ombe wawili watatu, kwa sababu mara chache dang'a ya ng'ombe mmoja humfanya mwanakondoo apungukiwe damu wiki chache baadaye. Kuyeyusha, weka chupa ndani ya maji ya uvuguvugu. Usiichemshe: kinga iliyomo huharibika na utakuwa umebaki na maziwa tu.

Dalili: amezaliwa sasa hivi, amelowa, anatetemeka, mama hamlambi

Kutetemeka ni habari njema. Mwili bado unapigana. Chanzo mara nyingi ni mama mwenye mzao wa kwanza asiyejua afanye nini, au aliyechoka kwa uchungu mrefu, au amezaa pacha wa pili akamwacha wa kwanza.

Safisha pua na mdomo, kisha msugue kwa taulo au nyasi kavu, kwa nguvu kiasi, kuanzia mbavu. Usimpeleke mbali na mama. Paka ute wa uzazi puani mwa mama na umlaze mtoto mbele ya kichwa chake. Wengi huanza kulamba hapohapo. Chovya kitovu kwenye ayodini. Kamua kila chuchu mara moja au mbili ili kuzibua nta iliyoziba tundu, kisha msaidie mtoto kushika. Wapeleke wote wawili kwenye kizimba kikavu kisichopitiwa na upepo, cha hatua mbili kwa mbili, wakae siku moja au mbili. Akishasimama akanyonya, mwache.

Dalili: amesimama amejikunja, mgongo juu, miguu minne imekusanyika, tumbo bapa

Huyu hajafika pabaya, ila anaelekea huko. Pima joto kwa kuingiza kipimajoto nyuma, kikielekea pembeni kidogo kiguse ukuta wa utumbo. Mwanakondoo mzima ana nyuzi 39 hadi 40. Huyu utamkuta kati ya 37 na 39.

Hapa hakuna haja ya moto mwingi. Mkaushe, mnyweshe, mrudishe kwa mama mahali pakavu, na umpime tena baada ya nusu saa. Kipimo cha kumnywesha ni mililita 50 kwa kila kilo ya uzito: mtoto wa kilo nne apate mililita 200 kwa mara moja, na katika saa 24 za mwanzo apate jumla ya mililita 800. Dang'a ina haraka yake. Utumbo huipokea kinga vizuri zaidi katika saa sita za mwanzo, na ikishapita siku moja mlango huo umefungwa.

Kisha mgeukie mama, kwa sababu tatizo liko kwake mara nyingi kuliko kwa mtoto. Shika kiwele kwa mikono miwili. Upande mmoja ukiwa wa moto, mgumu na unauma, huo ni ugonjwa wa kiwele na daktari anahitajika. Kiwele kikiwa laini na kitupu, kondoo alilishwa vibaya miezi ya mwisho. Chuchu nene kama dole gumba humshinda mtoto mdogo kushika. Na kuna kosa dogo ambalo nimelikuta zaidi ya mara moja: sufu ndefu inayoning'inia kando ya kiwele, mtoto ananyonya sufu akidhani ni chuchu, mkia unatikisika, wewe unaondoka umeridhika. Nyoa sufu hiyo wiki mbili kabla ya kuzaa.

Dalili: amelala kiubavu, kinywa baridi, hanyonyi kidole

Hapa ndipo pa kutulia. Ingiza kidole kinywani. Kinywa cha mwanakondoo mzima kina joto na ulimi hukibana kidole chako. Cha huyu ni kama kugusa ndani ya mtungi wa maji, na ulimi haujali. Kipimajoto kitasema chini ya 37. Sasa jiulize amezaliwa lini. Angalia kitovu: kikiwa kibichi na kinang'aa, ni wa saa chache; kikiwa kimekauka kama kamba, ameshapita muda ule wa akiba.

*Kama hajafikisha saa tano.* Huyu ana baridi ya kulowa na bado ana mafuta yake. Mkaushe kabisa, mpashe joto hadi afike 37, ndipo umnyweshe dang'a kwa mrija. Usimnyweshe kabla. Tumbo lililopoa halisagi kitu, koo halimezi, na maziwa yatarudi juu yaingie mapafuni.

*Kama amepita saa tano na bado anainua kichwa mwenyewe na kumeza.* Mnyweshe kwanza kwa mrija, kisha mpashe joto. Yaani ni kinyume cha yule wa kwanza.

*Kama amepita saa tano na kichwa kinaanguka.* Huyu ndiye yule niliyemuua mimi. Hawezi kunyweshwa kwa sababu atapaliwa, na hawezi kupashwa joto kwa sababu atapata kifafa. Anahitaji glukosi ya asilimia 20 ndani ya tumbo kwa sindano, ikiwa vuguvugu kama mwili, mililita 10 kwa kila kilo. Chupa nyingi za glukosi za dukani ni za asilimia 50. Kwa mtoto wa kilo nne chukua mililita 16 za glukosi hiyo, ongeza mililita 24 za maji yaliyochemshwa ambayo bado ni ya moto, utapata mililita 40 zenye nguvu na joto linalofaa. Mtoto huning'inizwa kwa miguu ya mbele, sindano safi ya inchi moja huingia inchi moja chini ya kitovu na inchi moja pembeni, ikielekea nyonga. Mwombe daktari wa mifugo akuonyeshe kwa mkono wake mara moja kabla ya msimu. Nimeyaandika haya ili ukumbuke, hayatoshi kukufundisha. Sukari ya chai haiingii kwenye sindano hata siku moja. Ukishamaliza, ndipo mpashe joto, na akifika 37 na kuweza kumeza, mnyweshe.

Kuhusu mrija: upime nje ya mwili kwanza, kutoka mdomoni hadi ubavu wa mwisho, utie alama. Upitishe pembeni mwa mdomo taratibu ukimwacha aumeze. Akikohoa au kuhangaika, uko kwenye njia ya hewa. Toa uanze upya. Mimina maziwa kwenye bomba lisilo na kisukumio, yashuke kwa uzito wake. Usisukume.

Kumpasha joto bila kumchoma

Kinachofaa ni hewa ya moto inayomzunguka, ya nyuzi 35 hadi 40. Sisi tusio na mashine tunatumia kasha la mbao au katoni kubwa, chupa tatu nne za maji ya moto zilizofungwa magunia, mtoto katikati juu ya nyasi kavu, na blanketi juu likiwa na nafasi ya hewa. Badilisha maji yakipoa. Mpime kila dakika 20. Wapo wanaomzamisha kwenye karai la maji ya nyuzi 38 hadi 40, na kweli joto hupanda haraka, ila maji huosha harufu ambayo mama anamtambulia. Ukifanya hivyo mtie kwenye mfuko wa plastiki, kichwa kikiwa nje, asilowe.

Mafiga ya jikoni yanafaa kwa chumba chenye joto. Kumlaza mtoto kando ya makaa hakufai, kwani upande mmoja huungua huku mwingine ukiwa baridi. Na tafadhali sana: usimfungie jiko la makaa ndani ya chumba chenye mlango na dirisha lililozibwa, ukalala naye humo. Hewa ya sumu ya makaa haina harufu, na imeshaondoa familia nzima katika nyanda hizi. Taa ya umeme ya kupasha joto nayo ining'inizwe kwa mnyororo, mbali na nyasi kavu.

Usimrudishe nje kabla hajafika nyuzi 38 hivi na kusimama mwenyewe. Koti la gunia lenye matundu manne ya miguu humsaidia mtoto mwembamba siku mbili za mwanzo, hasa wa kondoo wa aina ya Dorper, ambao huzaliwa na manyoya mafupi.

Dalili: alipona, sasa ameanguka tena

Hapa usirudie tiba ileile ukidhani baridi imerudi. Mtazame kwa dakika kumi akiwa na mama. Kama mama anampiga kichwa, amemkataa; mfunge mama kizimbani kichwa kikiwa kimeshikwa kwenye mbao, mtoto anyonye, kwa siku mbili tatu. Kama ni pacha mdogo, kaka yake anamaliza maziwa yote na huyu atahitaji chupa.

Akianza kupumua kwa mkoromo baada ya kulishwa kwa mrija, maziwa yameingia mapafuni na atahitaji dawa ya daktari leo, si kesho.

Dalili: tumbo limejaa, udenda unatoka, kidevu kimelowa

Mtoto wa saa 12 hadi 48, tumbo limevimba, ukimtikisa unasikia maji yanacheza ndani, hataki kunyonya na anapoa. Wengi humwona ameshiba. Hajashiba. Ni bakteria wa kinyesi walioingia kabla ya dang'a, na sumu yao imesimamisha utumbo. Moto peke yake hautamsaidia. Anahitaji antibiotiki ya daktari na maji yenye glukosi na chumvi kwa mrija. Chanzo chake ni matandiko machafu na dang'a iliyochelewa. Ukimpata mmoja, badilisha nyasi za banda zima siku hiyo.

Dalili: amekunywa, ana joto, lakini nyuma anayumba

Macho angavu, hamu ipo, ila miguu ya nyuma haimtii. Hiyo huweza kuwa upungufu wa madini ya shaba mama alipokuwa na mimba. Usikimbilie kununua shaba: kondoo hudhurika nayo upesi kuliko ng'ombe, na mchanganyiko wa madini ya ng'ombe unaweza kuwaua. Daktari apime kwanza.

Kama wote wanazaliwa dhaifu

Usiwatazame watoto, tazama mimba. Karibu asilimia 70 ya uzito wa mtoto hujengwa wiki sita za mwisho, na hizo kwa kondoo anayezaa Julai huangukia zaidi Juni, wakati nyasi ziko tele lakini zimejaa maji na hazina nguvu. Mpe nusu kilo ya chakula cha nafaka kwa siku, ukipandisha kidogokidogo. Kondoo hubeba mimba siku 147 hivi, kwa hiyo aliyepandwa mwanzoni mwa Februari atazaa mwanzoni mwa Julai, kwenye manyunyu yenyewe. Dume langu sasa hukaa peke yake tangu Januari hadi Aprili. Analalamika usiku kucha, lakini tangu nianze hivyo jiko langu halijawa wodi.

Ukishindwa kupanga uzazi, ziba upande wa upepo wa banda hadi kimo cha kifua na uache juu wazi. Banda lililozibwa lote hukusanya unyevu na harufu ya mkojo, na nimonia hufuata. Piga magoti juu ya matandiko: magoti yakilowa, ongeza nyasi. Zunguka saa nne usiku, saa nane, na saa kumi na moja alfajiri.

Kama wanakufa wengi kwa mpigo

Watoto kadhaa wamekufa ndani ya siku moja au mbili, walionyonya na wasionyonya, na kondoo wenye mimba wanaziharibu, hasa baada ya mvua kubwa na mbu wengi. Usiseme ni baridi. Homa ya Bonde la Ufa ilitambuliwa kwa mara ya kwanza karibu na Ziwa Naivasha, hapa chini ya Kinangop, mwaka 1931, katika kundi la kondoo ambalo wanakondoo wake walikuwa wakifa hivyohivyo, na huambukiza watu. Usimpasue mfu, usichinje mgonjwa, usiguse kondo la nyuma wala mimba iliyotoka kwa mikono mitupu. Wajawazito wasiingie zizini kabisa. Hilo nashauri msimu wote wa uzazi, kwa kuwa kuna magonjwa mengine ya kondoo yanayoharibu mimba ya binadamu. Funga zizi, zuia mifugo isitoke wala kuingia, na mpigie afisa mifugo siku hiyohiyo.